Winchi Iliyosubiri Kutaniwa

Chungu cha tani arobaini za chuma kilichoyeyuka kilikuwa kinaning'inia juu ya mtu, na mashine iliyokishika ilikuwa inasubiri kutaniwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano, siku ya sita ya mgomo katika kiwanda cha chuma cha Nyamigogo. Mtu aliyekuwa chini aliitwa Bosko Kikoti. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa na kigari cha makapi ya chuma, na chungu kilikuwa mita tisa juu ya kichwa chake. Ubavuni mwa chungu lilikuwa limeanza kuiva doa jekundu, ukubwa wa sahani. Doa la namna hiyo maana yake ni moja: matofali ya ndani yamekwisha kuliwa na moto, na kilichobaki ni bati tu.

Longinus Mbano, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, alikuwa nje ya geti na wenzake mia mbili na kitu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya muhogo. Alimwona meneja, Bi. Radhia Mlanzi, anakuja mbio, viatu mkononi. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumwona mama yule akitembea haraka.

"Katibu," Radhia alisema, pumzi zimempaa. "Njoo unitanie mashine yangu."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga mluzi. Siku sita walikuwa wanasubiri neno kama hilo, na sasa limekuja lenyewe, peku, linahema.

"Chungu kimesimama njiani," Radhia akaendelea. "Kuna mtu chini."

"Nani?" Longinus akauliza.

"Kikoti."

Kicheko kikakatika kama kamba. Bosko Kikoti alikuwa mwenzao hadi siku ya tatu ya mgomo. Siku hiyo alipita geti la nyuma, koti kichwani, akarudi kazini. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na kampuni ilitangaza kwamba atakayerudi hatapimwa macho. Watu walijua sababu yake. Kuijua hakukuwafanya wamsamehe.

"Si mtie jeki mtoe mguu?" Longinus aliuliza, akisimama.

"Jeki haifiki. Kigari kina tani nane, na kukiinua ni kazi ya winchi hiyohiyo."

"Nani alikitoa chungu tanuruni?"

"Mainjinia, kwa rimoti. Walikitoa vizuri kabisa. Walipokabidhi winchi kwa Kivuli, ile akili ya mashine, kikashika mzigo, kikauliza kama kawaida yake. Hakikujibiwa. Kikasimama. Sasa hakituachii mzigo."

"Hakiachii," mwanamke mmoja alisema nyuma ya Longinus. Alikuwa Twilumba Kihwele, mwendesha wa zamani wa winchi namba tatu, na alisema hivyo kwa sauti ya mama anayemjua mwanawe. "Mimi pia simwachii mzigo mtu asiyenijibu."

"Mna muda gani?" Longinus alimuuliza meneja.

"Injinia anasema dakika thelathini. Alisema hivyo dakika sita zilizopita."

*

Huwezi kuelewa habari hii bila kujua chungu huinuliwaje Nyamigogo.

Mtu wa winchi yuko juu, haoni kila kitu chini. Kengele ipo, lakini kengele ikilia mara mia kwa siku masikio huizoea, ikawa kama mvua juu ya bati. Redio ipo pia, lakini mtu anaweza kujibu "sawa" huku akili yake iko nyumbani. Kwa hiyo wazee wa kazi walianzisha utaratibu wao, usioandikwa popote. Juu waliweka Mhehe, chini wakaweka Mngoni. Au juu Mnyamwezi, chini Mzaramo. Mradi wawe watani. Aliye juu huita, na aliye chini lazima amtanie kabla mzigo haujasogea, tena utani mpya, si wa jana.

Ukisikia mara ya kwanza unaona ni mchezo. Lakini mwenye homa hatanii vizuri. Mlevi hutania mno mpaka anapitiliza. Aliyegombana na mkewe hujibu kwa mkato. Aliye juu akisikia utani umepwaya, hainui. Anauliza: "Una nini leo?" Mpaka ajue.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyekufa chini ya chungu. Wa mwisho alikuwa Method Gama. Siku ile aliyetakiwa kutania alijibu "haya" tu, na aliye juu akainua.

Halafu vikaja vivuli. Kampuni iliwavalisha wafanyakazi mikono ya nyaya, kuanzia vidoleni hadi begani, na kidude sikioni. Miaka miwili nyaya zile zilinakili kila walichofanya, kila kupinda kwa kidole na kila kusita. Ikatengenezwa akili ya mashine iliyofanya kazi kama wao, na kila kivuli kikapewa jina la mtu aliyekifundisha. Winchi namba tatu sasa iliendeshwa na Kivuli cha Twilumba. Kibanda chake cha juu, alichokalia miaka kumi na minne, waling'oa wakauza chuma.

Chama kilikubali. Longinus mwenyewe aliweka sahihi kwenye mkataba wa hali bora. Mkataba ule uliandika kwamba kazi ya mikono iliyonakiliwa ni mali ya kampuni. Mdomo haukuandikwa, kwa kuwa hakuna mtu upande wowote wa meza aliyefikiri mdomo ni kazi.

Lakini Kivuli kilikuwa kimejifunza kusita. Mkono wa Twilumba haukuwahi kuinua bila kutaniwa, hivyo kivuli chake nacho hakikuinua. Kiliita kwa sauti yake, kikasubiri. Ikabidi wafanyakazi wabaki sakafuni, wanatania mashine. Wenye kiwanda walipokuja kutembea wakaona watu wazima, wamesimama mikono mifukoni, wanaitukana dari, wakauliza hawa wanalipwa kwa lipi. Ikaja barua kwamba watu mia na sabini watapunguzwa.

Chama kikajibu kwa mgomo wa midomo. Hakuna kuvunja kitu, hakuna kufunga barabara. Kila mtu afunge mdomo wake atoke. Wakatoka, na kiwanda kizima kikasimama kama punda aliyekataa kuvuka mto.

Ndipo kampuni ikajua inawalipa kwa lipi.

*

"Na sindano?" Longinus aliuliza pale getini.

Radhia akatazama viatu alivyoshika: ilikuwa bado imo.

Habari za sindano walizijua wote. Tangu siku ya kwanza ya mgomo mainjinia walikuwa wanatafuta mahali utani unapokaa ndani ya ubongo wa Kivuli ili waukate. Hawakupaona. Ulikuwa umechanganyika na ufundi wenyewe kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini. Basi wakachomeka sindano, chombo chembamba cha kusoma njia za ubongo ule, wakakaa kusubiri. Utani wa kweli ukipita mara moja tu, sindano itaiona njia. Njia ikionekana, itakatwa, kwenye vivuli vyote vya kiwanda. Vitainua bila kuuliza mtu.

"Ing'oeni kwanza," Longinus alisema.

"Kuing'oa ni saa nzima na nusu. Wakiivuta kwa nguvu ubongo unakufa, na winchi haitasogea leo wala kesho."

"Basi niahidi hamtaitumia."

Radhia alimtazama usoni. "Naweza kukuahidi. Unaitaka ahadi yangu? Mimi ni meneja wa kiwanda kimoja, Katibu. Wenye mali wako mbali, na dakika hii wanaiangalia sindano ile kwenye kioo kama ninavyokutazama wewe."

Longinus alimheshimu kwa hilo, na alimchukia kwa hilohilo.

"Mmemweka pale makusudi!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mguu wake umesagika," Radhia alisema. "Nenda kamuulize kama ni makusudi."

Longinus akawageukia wenzake. Katibu wa chama haamui peke yake. Hiyo ndiyo tofauti ya katibu na mnyapara. Akasema kwa kifupi, maana dakika zilikuwa zinakwenda. "Mmesikia. Nikienda kutania, Bosko anaweza kupona, na mgomo umekwisha leo. Nisipokwenda, mgomo unaendelea. Nataka mikono. Anayesema niende, anyooshe."

Mkono mmoja ulinyooka, halafu mwingine mbali. Alihesabu mpaka thelathini na moja. Waliobaki walitazama viatu vyao.

Eusebia Gama akapita mbele. Alikuwa mjane wa yule Method, na alifanya kazi tanuruni kwa mikono iliyojaa makovu. Hakupiga kelele.

"Kaka Longinus, mimi simtakii Bosko kifo. Mungu ananiona. Lakini unakwenda kufungua mlango usiofungika. Leo unamwokoa mmoja. Kesho vyungu vinapita juu ya vichwa vya watu na hakuna anayeuliza chini kuna nani. Hao watakaokufa kesho huwajui majina, ndiyo maana unawaona wepesi. Mimi wangu nilimjua jina."

Longinus alijua mama yule anasema kweli, tena kweli isiyo na shimo hata la sindano. Lakini ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mtu aliyekula naye sahani moja miaka kumi na tisa, na alikuwa hai, na doa lilikuwa linakua.

"Dada Eusebia, umenishinda kwa maneno," alisema. "Ila kumwacha siwezi."

"Kura imekataa."

"Imekataa. Mimi siendi kama katibu. Naenda kama mtani wake. Ukatibu mtanivua nikirudi."

Akaingia getini. Aliyemfuata alikuwa Twilumba peke yake.

*

Ndani joto lilimpiga kifuani kama mlango. Chungu kilikuwa juu pale, kinacheza kidogo kwenye minyororo, na doa ubavuni sasa lilikuwa ukubwa wa sinia, limeanza kuwa jeupe katikati. Chini, ndani ya handaki la reli, Bosko alilala chali, kigari kimemkalia mguu. Watu wawili walikuwa wanamwagia maji kutoka mbali kwa mpira.

Spika ya winchi ikanguruma, na sauti ya Twilumba, safi kama ya asubuhi ya Jumatatu, ikasema: "We wa chini! Upo?"

Twilumba mwenyewe alishtuka, akashika kiwiko cha Longinus.

Injinia mmoja alikuwa na karatasi mkononi, imelowa jasho. Alikuwa ameandika utani kumi na tano. Alianza na ule wa Wahehe na nyama ya mbwa, ambao kila Mtanzania anaujua. Kivuli kilimuuliza ana nini leo. Mlinzi mmoja naye akajaribu kukitukana matusi ya kweli, ya nguoni. Kivuli kikakaza breki dakika nne nzima, kwa kuwa sakafuni Nyamigogo anayetukana kwa hasira hurudishwa nyumbani. Waliokuwemo ndani wakati ule ama walikuwa Wahehe, na Mhehe hamtanii Mhehe mwenzake akaeleweka, ama walikuwa watu wa ofisini wasio na watani.

"We wa chini! Upo?"

Longinus akavuta pumzi. "Nipo, Mhehe! Umepanda huko juu unafuata nini? Mianzi ya ulanzi inagemwa chini, huko kuna popo tu!"

Mnyororo ukalia kidogo.

"Una nini leo, Mngoni?" spika ikauliza, kwa upole.

Akajaribu tena. Akasema Wahehe wanaogopa ngazi, ndiyo maana huyu aliyepanda hajashuka mwaka mzima. Siku nyingine ungekuwa utani mzuri. Spika ikarudia: "Una nini leo?"

"Dakika kumi na moja," injinia akasema.

"Sauti yako," Twilumba alimnong'oneza. "Unaogopa, na kinaisikia hofu yako. Mimi ndiye niliyekifundisha. Unakumbuka mwanao alipolazwa? Ulitania siku ile kuliko siku zote, watu wakashika mbavu. Nilikataa kuinua."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiniulize. Mimi ni Mhehe."

Jasho lilimwingia machoni. Hata huu ukaidi wa Kivuli ulikuwa kosa lao wenyewe. Walitengeneza mashine isiyoinua mpaka mtu awe mzima wa moyo, na nani awe mzima wa moyo hapa? Utaratibu uliowalinda miaka kumi na moja sasa ulikuwa unamuua mtu kwa uaminifu.

"Longinus!" Bosko aliita kutoka handakini. "Longinus, ndugu yangu! Nipigieni simu niseme na mke wangu! Niage tu!"

Mtu wa mpira wa maji akaanza kulia.

Na Longinus, aliposikia kilio kile na neno lile la kuaga, akajua yuko wapi. Alikuwa anajaribu kutania kazini, na hapa hapakuwa tena kazini. Hapa palikuwa msibani. Msibani, kila mmoja hulia isipokuwa mtani. Mtani ana shughuli yake. Siku walipomzika baba yake Longinus kule Peramiho, nani alitangulia kulala ndani ya kaburi? Bosko. Alijinyoosha mle, akasema linamtosha yeye kuliko mzee, ni la baridi, hatoki mpaka apewe jogoo. Longinus aliyekuwa hajala siku mbili alicheka mpaka akakaa chini, na ndipo akaweza kulia.

Kofia ngumu ya Bosko ilikuwa imeangukia kwenye reli. Longinus akaiokota, akaivaa, ikamfunika nyusi. Akanyoosha mikono mbele kama mtu asiyeona vizuri, akaenda akimpapasa injinia usoni.

"Samahani," alisema kwa sauti ya Bosko ileile, ya puani. "Wewe ni tanuru au ni mke wangu? Naona wote mna moto."

Injinia alirudi nyuma kwa woga. Longinus akamwacha, akapanda juu ya ukingo wa handaki.

"Jamani waombolezaji! Mimi ni marehemu Bosko Kikoti. Nashukuru mmekuja, ingawa sioni mko wangapi. Nimekufa kifo cha kizembe. Nilipita geti la nyuma, nikadhani naingia chooni, kumbe ni kazini!"

Mle ndani mlikuwa na hasira, na ilikuwa ya kweli. Siku sita Longinus alikuwa ameibeba kama kaa la moto mdomoni, na sasa ilikuwa inatoka ikiwa imevaa nguo za kicheko, jinsi utani ulivyokusudiwa tangu mababu waliochinjana wakachoka. Alihisi mabega yanashuka.

"Mimi sijafa, Mngoni mwanga wewe!" Bosko akapayuka kutoka chini.

"Marehemu anabisha! Hata alipokuwa hai alikuwa mbishi hivihivi. Msimjibu, atajisikia vibaya akijua."

"Ukivaa kofia yangu utatoa mbuzi!"

"Mbuzi gani? Wewe utamwonaje? Tutakupa kuku, tukuambie ni mbuzi, umshukuru!"

Bosko akacheka. Alicheka kwa sauti ya mtu anayekohoa damu, lakini alicheka, na Longinus naye kikamtoka kicheko ambacho hakukipanga.

Juu, spika ikakoroma kidogo. Halafu kicheko cha Twilumba kikamwagika kutoka kwenye chuma, kile cha zamani, cha kujipiga paja. Twilumba mwenyewe alikuwa amesimama kando, mkono mdomoni, hacheki.

"Haya, Mngoni, umeshiba leo," Kivuli kikasema. Chungu kikaanza kwenda.

Kando ya injinia taa ndogo ya kijani ikawaka, ya sindano. Longinus aliiona. Aliiona vizuri sana, na akaendelea kusema, kwa sababu mtu wa chini akinyamaza kabla mzigo haujafika, mzigo husimama. Akamtangaza marehemu kuwa ameacha wajane watatu, wawili wa kufikirika. Akagawa urithi wa marehemu: miwani kwa kipofu, koti la kujifunikia kwa msaliti atakayefuata. Kila neno liliusogeza moto mbali na Bosko, na kila neno liliwaonyesha wale wa mbali njia ya kukatia. Alijua yote mawili kwa wakati mmoja, mdomo ukiwa unatania.

Chungu kilifika juu ya shimo la dharura, kikatulia. Dakika mbili baadaye doa likatoboka. Chuma kilimwagika shimoni kwa mwanga uliowafanya wote wageuze nyuso. Pale chungu kilipokuwa kimesimama kwanza, sasa palikuwa na kivuli tu cha minyororo, na mtu mmoja chali, anapumua.

Kigari nacho kiliinuliwa kwa utani mmoja mfupi. Ulikuwa mbaya, lakini Kivuli kiliupokea.

Radhia alimfuata Longinus alipokuwa anavua kofia. "Asante, Katibu," alisema.

"Waambie wenzako wa kioo wameona," Longinus akajibu. "Waambie pia walichokiona ni nini. Walikuwa wanatazama watu wanaokataa kumuua mtu."

"Nitawaambia."

"Watakata?"

"Jumapili," Radhia alisema. "Wameshaniandikia."

*

Mguu wa Bosko Kikoti ulikatwa chini ya goti Jumatano ileile saa nane mchana.

Njia ya utani ilikatwa kwenye vivuli vyote kumi na sita Jumapili. Jumatatu vyungu vilianza kwenda bila kuita mtu. Wafanyakazi walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Mwisho wa mwezi walibaki kumi na tisa, wa kufagia na kulinda. Mgomo ulikuwa umekwisha wenyewe, hakuna aliyeutangaza.

Chama kilikaa kikao kimoja cha mwisho. Longinus alivuliwa ukatibu kwa kura mia na arobaini na nne dhidi ya thelathini na moja. Yeye mwenyewe hakupiga. Eusebia Gama ndiye aliyesoma matokeo, na alisoma taratibu, bila kumtazama. Mtu wa kushika nafasi hakupatikana, tawi likafungwa.

Mwezi wa nne tangu njia ile ikatwe, winchi namba moja ilishusha chungu juu ya mfagizi aliyeinama kuokota fagio. Aliitwa Tasiana Nombo. Mwezi wa saba ilikuwa winchi namba tatu, na aliyekuwa chini alikuwa mlinzi, Fidolini Lukosi, wa ukoo wa Twilumba upande wa mama. Longinus aliandika majina yote mawili, akampelekea Eusebia kwa mkono wake. Eusebia aliyasoma mlangoni, akaikunja karatasi, akamwambia asante, akafunga mlango.

Bosko yu hai. Anauza mkaa kando ya barabara ya Njombe, ana watoto wanne na macho yamefanyiwa upasuaji.

Miaka kumi na tisa Twilumba Kihwele hakuwahi kumwamkia Longinus Mbano bila kumwita mwizi wa ng'ombe, mtoro wa vita au mzee asiye na meno. Sasa wakikutana sokoni Twilumba hupunguza mwendo, huinamisha kichwa kidogo, na kumsalimia kwa adabu zote, kama anavyosalimiwa mgeni.

"Shikamoo, kaka," husema.

"Marahaba," Longinus hujibu, na kila mmoja hushika njia yake.